Mrejesho: Senti kumi ya 1956 yenye tarakimu pacha

Ndugu zangu, niliuliza kama senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1956, niliyoikuta kwenye kopo la marehemu babu huko Kondoa, ina kosa la kiwandani, kwa kuwa tarakimu za mwaka zinaonekana mara mbili. Nimeitazama kwa lenzi ya fundi saa hapa Dodoma, nikaona kile kivuli cha tarakimu ya pili ni bapa, kiko chini na kimeipunguza tarakimu unene. Basi ni mtikisiko wa muhuri (chuma kinachogonga picha kwenye sarafu) wakati wa kugonga, si muhuri uliotengenezwa na picha pacha kama ule wa baadhi ya senti za Marekani za 1955, ambazo picha zote mbili za maandishi zimenyanyuka vizuri. Tundu la katikati la senti yangu, hata hivyo, limekaa upande mmoja, na hilo ni kosa halisi. Nasikitika niliisugua kwa ndimu kabla ya kuuliza, maana kusugua hivyo huharibu uso wa sarafu.