Kisaraiki ni lugha kamili au ni lahaja tu ya Kipunjabi?

Wakuu, kila ikitajwa Pakistan lazima atokee mtu aseme Kisaraiki ni Kipunjabi cha kusini basi. Nakataa. Kinaongewa Multan, Bahawalpur, Dera Ghazi Khan mpaka Dera Ismail Khan ambayo hata haiko mkoa wa Punjab. Kina konsonanti nne za kuvuta hewa ndani, b, d, j na g, sisi Waswahili tunazo, tamka "baba" taratibu utaisikia, ila wao wanazo na zile za kawaida pia na neno linaweza kubadilika maana kwa hilo tu. Kimajhi cha Lahore na Amritsar, ndo Kipunjabi sanifu, hazimo. Hicho Kimajhi kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabadili maana: farasi anaandikwa ghora ila mtu wa Lahore anasema kora sauti ikiwa chini, wakati wa Multan anatamka ghora na pumzi yake yote. Na "nitafanya" Lahore ni karaanga, Multan ni karesaan. Sasa hiyo ni lafudhi au sarufi?

Jibu: Mkuu sarufi ndio, lakini toka Lahore kushuka Sahiwal mpaka Multan lugha inabadilika kidogo kidogo, nionyeshe mpaka uko wapi. Na hilo jina Saraiki kuwabeba wote limeshika miaka ya 1960, kabla ya hapo watu walisema Kimultani, Kiriasti, Kiderawali. Nyuma yake kuna madai ya kupewa mkoa wao wenyewe, tusifichane.

Mleta mada: Madai ya mkoa yapo na wana haki nayo, Bahawalpur ilikuwa na nawabu wake, yaani mtawala wake, mpaka 1955. Ila siasa haikuleta zile konsonanti, zilikuwepo. Sensa ya 1981 iliwahesabu peke yao, ya 2017 ikawakuta karibu asilimia 12 ya nchi nzima, na hao wamejitaja wenyewe. Kafi, yaani mashairi ya kisufi, za mshairi Khwaja Ghulam Farid aliyefariki 1901 bado wanaziimba, huyo hakujua habari za mkoa.

Jibu: Farid hata Wapunjabi wanasema ni wao. Mi kinachoniuma ni kwamba mtoto wa Lahore na wa Multan wote wakiingia darasani wanakuta Kiurdu, huyo wa Lahore ana watu mamilioni na lugha yake shuleni haina nafasi, sasa huyo wa Multan akiambiwa yake ni lahaja ataenda kudai nini na kwa nani?

Mleta mada: Ndo maana nasema iitwe lugha.