Babangu akataa kutobolewa kibofu, naombeni ushauri

BintiLikoni
Asalaam aleikum. Babangu ana miaka 71, tezi dume imevimba, na moyo wake ni dhaifu hata madaktari hawataki kumpasua kwa sasa. Miezi mitano amevaa mpira wa mkojo uliopitia njia ya mbele. Mara ya mwisho kubadilishwa, kliniki moja ya mtaani ilijaza baluni inayoushika mpira ndani kabla mpira haujafika kibofuni. Damu ya siku ile siisahau. Sasa daktari anashauri mpira uingilie tumboni, chini ya kitovu. Mzee kakataa katakata: "Mimi si dafu." Kwani hutobolewaje? Na swala yake je?

MgemaMstaafu
Pole mwanangu. Mimi niliporomoka mnazini nikaumia uti wa mgongo, huu mwaka wa tatu na mpira wa tumboni. Sikalii mpira tena, na kule mbele pamepona. Ila usidanganywe kwamba hauna tabu. Siku nyingine kibofu hukaza ghafla na mkojo ukapenya njia ya zamani. Mwambie mzee kwenye dafu wanatumia panga, huku ni tundu la kupita mpira tu.

NesiWaZamu
Dafu si mfano mbaya, kwa sababu kibofu nacho lazima kiwe kimejaa ndipo kitobolewe. Kikijaa hupanda juu na kuyasukuma matumbo kando. Kwa kuwa babako ana mpira tayari, wataufunga kwa muda, au watapitisha maji safi humo humo. Humwangalia kwa altrasaundi, wakachoma ganzi kama vidole viwili juu ya mfupa wa kinena. Sindano ikivuta mkojo, wanajua wamefika. Hapo ngozi huchanjwa kidogo, mpira huingizwa, na baluni hujazwa maji, mara nyingi mililita 10, usichomoke. Atahisi kusukumwa zaidi kuliko maumivu. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, ingawa kwa moyo wake wanaweza kumlaza.

Sasa nijibu: anatumia dawa za kulainisha damu, yaani za kuizuia isigande? Na amewahi kupasuliwa tumbo?

BintiLikoni
Yote mawili! Dawa anameza kila jioni, na zamani alitolewa kidole tumbo. Hakuna aliyetuuliza.

NesiWaZamu
Basi mwambieni daktari kabla ya siku yenyewe. Mwenye kovu la zamani, utumbo unaweza kuwa umegandamana hapo chini ukatobolewa kwa bahati mbaya. Huenda wakachagua kumfungua kidogo waone kwa macho. Dawa ya damu nayo msiisimamishe wenyewe, moyo unaitegemea. Daktari ndiye atakayesema.

KikoiCheupe
Kuhusu swala, mzee asiache. Ni mwenye udhuru: wakati ukiingia ajisafishe, atie udhu, aswali faradhi yake, na kila faradhi udhu mpya. Habari za mfuko wa mkojo amuulize imamu wake, asisikilize watu wa baraza.

MgemaMstaafu
La feri ya kuvukia Mombasa kisiwani hamjalisema. Mpira wangu ulichomoka wiki ya pili, nikajiambia nitakwenda asubuhi. Kufika, tundu limeziba, nikatobolewa upya. Nyinyi mko Likoni, ulizeni mapema kama hospitali ya hapo hapo yupo mtu wa kuurudisha, hata usiku. Mkichelewa ni feri, na tundu halingoji feri.

NesiWaZamu
Kweli kabisa. Tundu changa hufunga kwa saa chache. Ndiyo maana badiliko la kwanza, kwenye wiki ya 4 hadi ya 6, hufanywa hospitali. Baadaye mnaweza kufundishwa nyumbani. Mfuko ukae chini ya kibofu daima, anywe maji vizuri kama daktari wa moyo hajampimia kiasi, na hapo tundu paoshwe kwa maji na sabuni kila siku. Mkojo ukikata kutoka na tumbo likajaa, au homa yenye baridi ikimshika, msingoje kuche.

BintiLikoni
Nimemsomea yote. Kanyamaza kitambo, kisha kauliza kama mpira huo ukitolewa tundu hubaki.

NesiWaZamu
Hujifunga lenyewe, aghlabu kwa siku chache.

BintiLikoni
Kakubali! Alhamisi tunavuka, karatasi ya dawa zake ninayo mkobani. Ila ataka kikoi kipya kabla ya hapo, anasema hiki cha sasa akikifunga kitabana tundu.