Boti ya tanga ya faiba: maungio ya bodi na sitaha yanavuja. Gundi mpya, bolti, au kupiga faiba kwa ndani?

NahodhaKapri
Wakuu, salaam. Nina boti ya tanga ya faiba, futi 26, ya miaka ya 1970, iko hapa Capri Point, Mwanza, Ziwa Victoria. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi makabati ya ubavu wa kushoto yamelowa. Na upepo wa mchana ukiilaza vizuri, ukingo unalia kwa ndani. Mdomo wa bodi umekunjwa kuingia ndani, sitaha imelala juu yake, juu kabisa kuna reli ya alumini. Vyote vimeshikwa na skrubu tu, hazina nati.

Napima njia tatu: kufumua reli nitie gundi mpya na kurudisha skrubu zilezile, kutoa skrubu nipitishe bolti, au kupiga faiba kwa ndani ili bodi na sitaha viwe kitu kimoja. Mfuko unaruhusu njia moja. Mngefanya ipi?

MzeeWaIgombe
Piga silikoni pembeni kote, masika yapite kwanza.

FundiFaiba
Shikamoo mzee wangu, ila hapo nakukatalia. Silikoni ikishagusa faiba huacha utando. Baadaye gundi, rangi, resini, vyote vinakataa kushika. Na maji yanaingilia chini ya reli, siyo pale utakapopaka.

NahodhaKapri, kabla ya kuchagua njia tuambie: inavuja, au inacheza? Hayo ni magonjwa mawili. Kuvuja kunapimwa hivi: funga madirisha yote, ziba matundu kwa nailoni na tepu, weka blowa isukume hewa ndani, halafu mtu apite nje na brashi ya maji ya sabuni. Panapotoa povu ndipo. Usishangae ukikuta maungio mazima na maji yanaingia kwenye vitako vya nguzo za kamba za pembeni, kisha yanatembea mpaka kabatini. Kucheza kunapimwa kwa puti ya magari: paka vipande vyembamba kukatiza maungio kwa ndani, acha ikauke, toka na boti upepo wa mchana. Puti ikipasuka, maungio yanatembea.

DadaWaTanga
Mimi kura yangu bolti, bila kujali povu. Skrubu inashika faiba kwa meno machache tu, ikishatikiswa miaka yote hiyo tundu limeshalegea. Ukirudisha zilezile umepoteza gundi yako. Pitisha bolti za milimita 6 za chuma cha pua, daraja la 316, kila sentimita 10 hadi 15, chini weka washa pana au kipande cha bamba. Karibu na vyuma vya nyaya za mlingoti zikaribianishe zaidi, ndipo nguvu zinapovutana.

Gundi: ya poliyurethani ukitaka visiachane tena, ya polisalfaidi ukitaka siku moja uweze kufumua bila kulia. Paka na kwenye shingo za bolti, ili chuma cha pua kisilale moja kwa moja juu ya alumini. Maji yetu ni baridi, kutu haina haraka kama yangekuwa ya chumvi, lakini bolti iliyozikwa kwenye unyevu bila hewa inaliwa vilevile.

MtuWaUkerewe
Nampinga dada kwa heshima. Bolti zinabana kwa vituo, faiba inashika mstari mzima. Ikipigwa vizuri hakuna tena pa kucheza wala pa kuvuja.

Tatizo ni neno "vizuri". Wengi wanachukua resini ya poliesta ileile ya matangi. Kwenye faiba iliyokauka miongo kadhaa inashika juujuu tu, tumia epoksi. Na epoksi haiendi na mati ya kawaida, ule mkeka wa nyuzi fupi za kioo, maana gundi inayoshika nyuzi za ile mati imetengenezwa iyeyushwe na poliesta. Tafuta kitambaa cha nyuzi za mshazari kilichoshonwa. Futa kwa asetoni kwanza, ndipo usage mpaka mng'ao uishe. Ukianza kusaga unaisukumiza ndani nta iliyo juu ya faiba. Kona ijaze puti ya epoksi iwe mviringo, kitambaa hakikunji kona kali bila kuacha hewa. Tabaka mbili tatu, kila moja ipite iliyotangulia, za mwisho zifike sentimita 10 kila upande. Changanya kidogo kidogo: joto la mchana huku, kikombe kikubwa kinachemka mkononi.

DadaWaTanga
Sawa, ila kwa boti yake nati zitakuwa chini ya ule mdomo. Ukizifunika kwa faiba, bolti moja ikivuja utaifikia wapi? Na kwenye makabati yale mkono wenyewe hauingii, sembuse grainda. Tena kazi ya kichwa juu, resini inakudondokea usoni.

MtuWaUkerewe
Kitambaa kinaloweshwa mezani juu ya nailoni ndipo kinabandikwa, hakidondoki sana. La nati nakubali.

NahodhaKapri
Nimerudi na majibu. Povu limetoka kuanzia katikati kwenda nyuma ubavu wa kushoto, na kwenye kitako cha nguzo moja. Puti imepasuka sehemu moja tu, usawa wa mlingoti. Kwingine nzima.

FundiFaiba
Basi hujalazimika kupiga faiba boti nzima. Fumua reli, safisha mpaka faiba tupu, acha pakauke kabisa. Usiharakishe hapo. Gonga sitaha kando ya ukingo kwa mpini wa bisibisi. Ukisikia sauti butu isiyo na mlio, mbao zilizo katikati ya tabaka za sitaha zimeoza, maji baridi hayazihurumii. Halafu bolti na gundi kama dada alivyosema. Pale usawa wa mlingoti tu, ongeza bamba refu chini linalobeba bolti nne tano pamoja.

NahodhaKapri
Naenda na hiyo. Bolti nakaza kwa juu au kwa chini?

DadaWaTanga
Kichwa cha juu kishikwe kisigeuke hata kidogo, azungushe nati aliye ndani. Bolti ikizunguka inachana gundi shingoni, na hapo utakuwa umerudi kwenye makabati yaliyolowa. Tafuta msaidizi mwembamba.