Mrejesho: ditekta ya dhahabu kutafutia vitu vya kale, Busia

Wakuu, niliuliza hapa kama ditekta ya dhahabu (mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa ardhini) ya kilohezi 45 niliyoachiwa na shemeji inaweza kutafuta sarafu na vyuma vya zamani pale palipokuwa duka la babu, Busia upande wa Uganda. Nimerudi.

Inaweza, ila itakuchosha. Masafa ya mawimbi ya juu hivyo, yaani hizo kilohezi 45, yamekusudiwa chembe ndogo za dhahabu, kwa hiyo inalilia kila kitu: msumari, waya wa sengenge, kipande cha bati kidogo kuliko ukucha. Na udongo wetu mwekundu umejaa madini ya chuma, nayo yanailiza. Siku ya kwanza nilichimba mashimo 30 hivi, nikapata kilo ya takataka na kicheko cha majirani waliodhani nimegundua mgodi.

Aliyeniambia nipunguze usikivu na kusawazisha mashine na udongo (kuirekebisha isilie kwa sababu ya udongo wenyewe) kila baada ya hatua chache, asante sana mzee. Siku ya tatu, sauti safi, haikatiki hata nikigeuka upande mwingine. Kina cha kiganja: senti 10 ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu, mwaka 1952! Sikuisugua, niliisuuza kwa maji tu. Bibi aliishika, akasema hiyo ilikuwa pesa kweli.

Kwenye maeneo ya kihistoria yaliyohifadhiwa sijagusa na sitagusa bila kibali. Shamba la babu linanitosha, bado sijafika kwenye mwembe.