Shoti ya ghalani: mpaka lini mkulima wa korosho atalipia maji?

Wakuu, salaam. Msimu ukifunguliwa tu, wimbo ni ule ule: mzigo umetoka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Newala au Tandahimba tani 30, ghala kuu Mtwara mjini linasoma pungufu, kesho yake katibu anaitwa mwizi na makato anashushiwa mkulima. Inachefua! Wizi upo, sikatai, lakini shoti nyingi, yaani huo upungufu wa kilo, zinaelezeka kwa kalamu na kikokotoo.

Tupige hesabu. Tani 30 zikipokelewa chamani zina unyevu wa asilimia 11, humo kilo 3,300 ni maji, na kilo 26,700 ndiyo korosho kavu. Unyevu ukishuka mpaka asilimia 9, mizani itasoma kilo 29,341. Kilo 659 zimepaa hewani, gunia nane na ushee, na hakuna aliyetia mkono. Sasa kwa nini hati ya kusafirishia inajazwa kilo tu, unyevu haupimwi chamani wala ghalani? Kipima unyevu kipo, kimelala kwenye droo hakina betri.

Gunia nalo. Tani 30 ni gunia 375 za kilo 80. Gunia tupu la juti lina kama kilo moja. Chama kikipima bila kulitoa, ghala likalitoa, kilo 375 zinapotea kwenye karatasi tu. Dawa ni kupima gunia kumi tupu, kuchukua wastani, na pande zote mbili kutumia namba hiyo hiyo. Dakika tano.

Kuna na mchezo wa mizani ya magari, na huu ndio unaoniudhi zaidi. Gari linapimwa na mzigo, linashusha, dereva anatoka kwenda kujaza mafuta, ndipo anarudi kupima tupu. Lita 200 za dizeli ni zaidi ya kilo 160. Gari tupu limeongezeka uzito, kwa hiyo mzigo "umepungua" gunia mbili. Mlinzi wa geti anaona, karani anaona, kimya.

Ndani ya ghala sasa. Marundo yameegemea ukuta, chaga za kuinua gunia zisikae sakafuni hakuna, kadi ya rundo ya kuonesha chama gani, tarehe gani, gunia ngapi zimeingia na kutoka, hakuna. Makuli wanalipwa kwa gunia, nani atabeba mpaka nyuma? Mzigo mpya unapangwa mlangoni, na siku ya kutoa unatoka huo huo wa mlangoni. Wa Oktoba unabaki ukutani ukiota ukungu mpaka Januari. Mnunuzi aliyeona sampuli ya ratili 50 za kiini kwa gunia anakuta 46, anagoma. Jibu la ghala? Eti mkulima hakukausha.

Kuhesabu wanasubiri mwisho wa msimu, wakati hakuna anayekumbuka lolote. Hesabuni marundo matatu kila jioni, linganisheni na kadi na leja. Tofauti ya gunia mbili inatafutwa siku hiyo hiyo, ya gunia mia mbili haitafutwi, inagawiwa kwa wakulima.

Wenye maghala mko humu, nawajua mnasoma kimya kimya. Kabla hamjakata shilingi ya mtu msimu huu, wekeni hapa unyevu wa kuingia, unyevu wa kutoka, uzito wa gunia tupu na saa gari tupu lilipopimwa.