Mjadala: Aliyegundua kitu maabara akiuze mwenyewe, au awaachie wengine?

Mwenye Koki

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha maji hapa Usa River, Arusha, barabara ya kwenda Momella. Mwaka wa nne huu nauza maji yaliyochujwa, ndoo ya lita 20. Sijaja kutangaza biashara. Nina hoja inaniwasha, nataka mnipinge kwa sababu.

Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tunajua mlima ulitupa udongo na migomba, halafu ukatudai meno. Floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi kwenye maji, imejaa ardhini kutokana na volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi kiwango chetu kiliruhusu mpaka 4, na bado kuna visima ukanda huu vinavyoipita hata hiyo. Kuchemsha ni kujidanganya: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki yote.

Sasa, pale Tengeru tuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mmoja wa wahadhiri wake, Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali kule Karatu, alichanganya mchanga wa kawaida na chembe za nano akatengeneza chujio la maji. Mwaka 2015 Royal Academy of Engineering ya Uingereza ikampa tuzo yake ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, mara ya kwanza kutolewa, pauni 25,000. Akaunda kampuni. Tangu hapo kila waziri akisimama anawaambia wahadhiri: tokeni maabara, mkauze.

Mimi nasema hapana. Mhadhiri arudi maabara. Chuo kikishapata kitu, kiwape watu wa karakana kwa mkataba mwepesi, wao ndio watengeneze, wasambaze spea, wapokee simu za saa tano usiku.

Nasema hivi kwa maumivu yangu. Chujio langu la kwanza silo hilo nililotaja. Lilitoka chuo kimoja cha mbali na hapa, kwa mhadhiri muungwana kweli kweli. Miezi saba mambo safi. Mwezi wa nane maji yakaanza kutoka kwa kudondoka, nikajua chembe zimeshiba. Nampigia, yuko kongamano ughaibuni. Ananiambia chembe mpya atazipika mwanafunzi wake akimaliza mitihani. Wiki tano koki imefungwa! Wateja wakahamia kwa jirani anayeuza maji ya mto, anasema "yametulia".

Haya, semeni.

Chalii wa Kilombero

Maji yaliyotulia 😂😂 Hiyo nayo apewe tuzo.

Kanzu Nyeupe

Pole sana kaka. Mimi ndiye yule mwanafunzi wa mitihani, si wa chuo hicho lakini kazi yetu ni ile ile, nipo mwaka wa pili wa uzamivu. Naomba nieleze upande wa ndani.

Kwanza kwa nini nano. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chukua kipande cha sentimita moja kila upande: uso wake wote ni sentimita 6 za mraba, kiganja hakijai. Kikatekate mpaka kila kipande kiwe cha nanomita moja, uso ule ule unafika mita za mraba 6,000, karibu kiwanja cha mpira. Floraidi hunasa kwenye uso. Ndiyo maana gramu chache zinafanya kazi ya ndoo nzima ya mchanga.

Sasa shida. Napika gramu tano, zinatoka safi, naandika makala. Nikijaribu kilo hamsini napata kitu kingine kabisa: moto haufiki sawasawa, chembe zinashikana kama unga ulioingia maji, na ule uwanja wa mpira unarudi kuwa kiganja. Halafu maji tunayojaribia. Wengi tunayeyusha floraidi wenyewe kwenye maji yasiyo na kitu kingine. Maji ya kweli ya Ngarenanyuki yana bikabonati tele na ni ya kimagadi, na bikabonati inagombania nafasi ile ile kwenye chembe. Namba nzuri ya maabara ikifika kisimani inaporomoka.

Ndiyo maana sikubaliani nawe, kaka. Anayejua kwa nini chembe zimeharibika ni aliyezipika. Ukimkabidhi mtu wa karakana karatasi yenye vipimo ukamrudisha mtafiti maabara, ile sehemu ya muhimu inabaki kichwani mwake. Kasoro si kwamba mhadhiri wako alikuwa muuzaji. Alikuwa muuzaji wa jioni tu, baada ya kufundisha. Na hapandi cheo kwa kuja Usa River kuzibua koki yako. Anapanda kwa machapisho.

Mzee wa Mtungi

Nyinyi vijana mnaongea kama vile jambo hili limeanza na nano.

Miaka ya themanini nilikuwa mwashi kijana. CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo na vijijini, hapa hapa Arusha, walikuwa na Wajerumani wakibuni mtambo wa biogesi wa kuba, ule unaofukiwa ardhini. Tatizo la kuba za zamani ilikuwa ufa. Saruji ikikauka inapasuka, gesi inatoroka, mama anarudi kwenye kuni. Wakabuni pete chini ya kuba, pete inayoachwa dhaifu makusudi. Ufa ukija unaishia pale chini kwenye pete, haupandi kwenye gesi.

Kitu hicho hakikufichwa. Tulifundishwa waashi, tukaambiwa na *kwa nini* yake. Mwashi asiyejua kwa nini pete ni dhaifu ataona ni makosa, ataijaza saruji, ataharibu. Nimejenga Arumeru, nimejenga Hai na Rombo, na mchoro ule ulivuka mipaka ya nchi. Sijawahi kuona mtu akidaiwa ada.

Kwa hiyo Mwenye Koki yuko sahihi nusu. Kabidhini kwa mafundi. Lakini kabidhini bure, na kijana mwenye kanzu aje akae karakanani miezi sita, asitume karatasi. Hataza, hizo hati za kumiliki ugunduzi, za nini?

Wakili Asiye na Kesi

Shikamoo mzee. Ila naomba nikupinge kidogo.

Mtambo wako ulisambaa "bure" kwa sababu kuna aliyelipa: Wajerumani walilipa mafunzo, miradi ikalipa sehemu ya ujenzi. Mfadhili akiondoka ndipo utajua kama kitu kina miguu yake. Chujio la maji ya kunywa lina gharama ambazo kuba haina. Linataka vipimo vya mara kwa mara, linataka alama ya TBS, shirika la viwango, ili duka lithubutu kuliweka rafu. Nani atatoa mamilioni kupitisha bidhaa kwenye njia hiyo, kisha jirani anakili kesho yake asubuhi bila kutoa senti?

Na watu wanaogopa neno hataza bila sababu. Hataza haifichi kitu, inakulazimisha uandike wazi ulichogundua. Unacholindiwa ni haki ya kukitumia kibiashara kwa muda. Kosa la wahadhiri wetu ni kukimbilia kuchapisha. Kitu kinatakiwa kiwe kipya siku unayopeleka ombi BRELA, wakala wa serikali anayesajili biashara na hataza. Ukishakimwaga kwenye jarida, upya unakuwa mashakani. Na BRELA ni ya Bara. Zanzibar ina ofisi yake na sheria yake, kwa hiyo ukitaka kuuza Unguja ujipange mara mbili.

Mwenye Koki, hoja yako ina mfano mzuri kuliko ulioutoa. Marekani mwaka 1980 walipitisha sheria ya Bayh-Dole: chuo kilichofanya utafiti kwa fedha za serikali kinaweza kumiliki ugunduzi na kuukodisha kwa kampuni. Google ilianza na hesabu za wanafunzi wa Stanford. Hataza ikawa ya chuo, kampuni ikapewa leseni, chuo kikachukua hisa. Mwaka 2005 kikawa kimeziuza kwa dola milioni 336. Ila angalieni: wale wanafunzi walitoka chuoni wakaenda kuendesha kampuni wenyewe. Kwa hiyo hata pale mgunduzi aliifuata kazi yake sokoni. Alichoacha ni masomo.

Chalii wa Kilombero

Wakili anatutajia Google, sisi tunazungumzia ndoo. Mimi naona mnagombania soko linalokufa. Jiji lina mradi wa maji wa bilioni 520, visima vimechimbwa hadi upande wa Hai. Bomba likifika kila kona, nano yako utaifanyia nini?

Mwenye Koki

Likifika, nitafurahi na kufunga. Mpaka sasa wateja wangu wa bondeni wanapiga foleni saa kumi na mbili asubuhi.

Mzee, shikamoo. Hilo la kijana kukaa karakanani nimelikubali. Hilo la bure bado linanikwaza, na Wakili amelisema vizuri kuliko mimi. TEMDO wanaobuni mashine na CAMARTEC wapo mjini hapa, SIDO wa viwanda vidogo wapo. Mbona hatuoni chuo kikiwafuata na mkataba mezani?

Mama Nasieku

Nimesoma yote. Nyote mnabishana nani auze. Hakuna aliyeuliza kama kinachouzwa kinafanya kazi.

Mwanangu wa kwanza nilimzalia hapa, meno ya kahawia, hacheki akipigwa picha. Wa pili nilimnyonyeshea Dodoma, tukarudi ana miaka tisa, meno meupe. Daktari akanieleza kwamba jino huharibika linapokuwa bado linajengwa, miaka minane ya mwanzo hivi. Kwa hiyo mimi sina muda wa kusubiri kongamano la mtu liishe. Mtoto akinywa maji mabaya miaka miwili wakati mnatafuta mwekezaji, hiyo miaka hairudi. Na wa tatu ana miaka mitatu.

Kaka Mwenye Koki, usikasirike, nakuuliza kama mteja. Umesema miezi saba mambo safi, mwezi wa nane maji yakaanza kudondoka, *ukajua chembe zimeshiba*. Ulijuaje?

Floraidi haina ladha, haina rangi, haina harufu. Maji kutoka polepole ni uchafu umeziba. Nilitumia ndoo ya makaa ya mifupa miaka kadhaa, mtaalamu aliyetuletea alituambia mara kumi: maji yanaweza kutoka kwa kasi, yamemeta, na floraidi inapita yote. Inawezekana chembe zako zilishiba mwezi wa tatu.

Na nyongeza. Machujio mengine yana chembe za nano za madini ya fedha, za kuua vijidudu. Sawa, fedha inaua vijidudu. Inabaki ndani ya chujio au natoka nayo kwenye ndoo? Nani anapima, na mara ngapi? Na zile chembe zilizoshiba mnazitupa wapi? Kwenye migomba?

Halafu hata maji yakiwa safi, nikirudi jikoni natia magadi kwenye makande, na magadi nayo yana floraidi. Hilo hamjaliweka kwenye hataza yenu.

Kanzu Nyeupe

Mama, shikamoo. Umesema kweli tupu. Kushiba na kuziba ni vitu viwili, na kibandani vinaonekana kama kimoja. Kipimo cha floraidi kipo, unachovya kifaa kwenye sampuli unasoma namba, lakini kinakaa maabara kwa sababu bei yake si ya kibanda. Kuhusu fedha, inategemea imefungwaje. Ikifungwa vibaya inaachia. Maswali hayo mtafiti anatakiwa kuyajibu kabla ya kuuza, na kwa haraka ya tuzo na picha hayajibiwi yote. Nami nimo.

Wakili Asiye na Kesi

Mama ameumaliza mkutano. Basi mkataba wa leseni uwe na kifungu: anayechukua chujio analipia na upimaji, na namba ibandikwe.

Mzee wa Mtungi

Kifungu hakisomi maji. Mfundishe fundi kupima.

Mwenye Koki

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na jibu.

Mama Nasieku, sikujua. Nilidhani najua. Kwa mwaka ule wote nilipima mara moja tu, siku chujio lilipofungwa, na yule mhadhiri ndiye aliyepima. Wiki zile tano nilizolalamikia hapo juu nilikuwa naona hasara ya koki kufungwa. Sikuwahi kufikiria hasara ya ile miezi koki ilipokuwa wazi.

Msimamo wangu kuhusu mhadhiri haujabadilika: bado sitaki awe muuza duka. Ila nilikosea nilipodhani kitu kinachokosekana ni spea. Chuo kikija kwangu kesho na chujio jipya, nitakiuliza kwanza kifaa cha kupimia kiko wapi na nani atanifundisha kukitumia.

Leo asubuhi nimepeleka chupa mbili maabara ya maji, moja ya kisima, moja ya koki, hili chujio la sasa. Kisima kimesoma 6.1. Koki imesoma 2.3. Nimeandika zote mbili kwa chaki ubaoni, mbele ya kibanda. Mpaka saa nne, wateja wanne wamesoma wakageuka na ndoo zao.

Mama Nasieku

2.3 bado ni juu ya 1.5. Lakini ni namba ya kwanza kuonyeshwa tangu nihamie hapa.

Chembe unabadilisha lini?

Mwenye Koki

Jumamosi, baada ya gulio la Tengeru. Kanzu amesema atakuja na mzigo wa maabara yao, kilo mbili, tuzijaribu kwa maji ya kisima changu, si ya kwao. Mzee ameomba awepo, anataka kuona ndani.

Chalii wa Kilombero

Na yule wa maji yaliyotulia mwambieni alete chupa.