After Hours (1985) ya Scorsese: hii ni komedi kweli au mimi ndo sijaielewa?

Kitunguu Maji:
Wakuu habari za jioni. Jana nimeangalia After Hours ya Martin Scorsese, mshkaji alinishawishi kwamba nitacheka mpaka mbavu ziume. Aisee sikucheka, nilikuwa nakunja ngumi tu. Jamaa anaitwa Paul Hackett (kacheza Griffin Dunne), kazi yake kushinda kwenye kompyuta ofisini, anakutana na demu mgahawani, Marcy, usiku huohuo anapanda teksi kumfuata SoHo huko New York, noti yake ya dola 20 inapeperukia dirishani na kuanzia hapo kila mlango anaogonga unamuongezea balaa mpaka kunakucha. Mtu anakufa kabisa humo ndani! Jamaa anataka kurudi kwake tu akalale, anaishia kukimbizwa mtaani kama kibaka. Sasa nyie mnaoipa maksi za juu mnaipimia wapi?

Babu wa Reli:
Mkuu kukunja ngumi ndo yenyewe, ukitaka watu wa kuteleza na ganda la ndizi hapa umepotea njia. Irudie ile sehemu ya stesheni ya treni. Jamaa ana senti 97, karani wa dirishani anamwambia nauli imepanda saa sita usiku huu huu, sasa ni dola moja na nusu. Anabembeleza, nani atajua bana? Karani anamjibu kwa utulivu kabisa kwamba anaweza akaenda kwenye pati, akalewa, akamropokea mtu. Hapo mi nacheka mpaka leo, maana karani hana ubaya wowote, anafuata utaratibu wa kazi.

Na muvi nzima iko hivyo. Tom wa baa anataka kabisa kumsaidia nauli ila droo ya hela imegoma kufunguka na ufunguo wake uko nyumbani, Paul anajitolea kwenda kuuchukua, majirani wanaona sura ngeni kwenye ngazi usiku na mtaa una wezi, sasa ungekuwa wewe ungefikiriaje? Hakuna adui pale. Komedi ya giza naipimia hapo, kila balaa liwe limezaliwa na kitu kidogo chenye maana yake, sio mwandishi anamrushia mtu mawe tu kutoka juu.

Halafu kamera ya Michael Ballhaus jamani. Kiki, anayekaa na Marcy, anapomrushia Paul funguo kutoka dirisha la juu, zile funguo zinakujia wewe usoni, unataka kukwepa. Na ujue Scorsese alikuwa ametoka kuumizwa, 1983 studio ya Paramount walisitisha muvi yake The Last Temptation of Christ wakati maandalizi yamefika mbali, akaenda kutengeneza hii ya bajeti ndogo. 1986 tamasha la filamu la Cannes wakampa tuzo ya uongozaji bora.

mtoto_wa_mjini:
siku hizi angetumiwa nauli kwa simu muvi imeisha dakika ya kumi 😂😂

Bint Makuti:
Babu nakuheshimu ila hapo kwenye "hakuna adui" umepapita haraka sana. Hesabu wanawake wa humo ndani: Marcy, Kiki, Julie, Gail, June, kila mmoja ana kasoro ya kichwa na kila mmoja ni mtego kwa huyu kaka. Julie anachora sura yake anaitolea kopi anazibandika mtaani kwamba ndo mwizi, Gail anaongoza kundi la wasaka wezi na gari lake la aiskrimu. Catherine O'Hara (kacheza Gail) nampa maua yake, pale Paul anajaribu kushika namba ya simu kichwani na yeye anamtajia namba za hovyo hovyo makusudi, nilicheka mpaka nikapaliwa. Ila Marcy? Paul alimkimbia bila hata kuaga, anarudi anamkuta amekufa, anapiga simu polisi halafu anabandika vibao vya mshale "maiti iko huku". Kama utani wa giza sawa umepita, lakini baada ya hapo binti wa watu anageuka kuwa tatizo tu la Paul. Mimi naipa 7, na hiyo 3 nimeikata hapo hapo.

Babu wa Reli:
Dada mi nadhani muvi inajua kwamba Paul ana hatia, ndo maana usiku wote unamlipisha. Mwishoni anafunikwa magazeti na plasta anageuzwa sanamu, wezi (wachekeshaji Cheech na Chong!) wanambeba wakidhani ni mali, anaporomoka kwenye gari mbele ya geti la ofisini kwake asubuhi. Anajipangusa vumbi, anapanda juu, kompyuta inamwambia habari za asubuhi. Hakuna hata mtu wa kumuuliza ulikuwa wapi. Hiyo kwangu ni 9.

Kitunguu Maji:
Ya karani nimeirudia sasa hivi, okei, hapo nimecheka kidogo. Ila Babu, hoja ya Bint kuhusu Marcy umeizunguka hujaijibu.

Bint Makuti:
Asante. Namsubiri.